Kwa nini picha za mapigano haramu hupendeza zaidi zikitengenezwa kwa fedha kidogo?

Mleta mada (Ngarenaro, Arusha)

Ndugu wadau wa filamu, salaam. Kuna hoja inayorudiwa kila mara tunapokutana, kwamba filamu zetu za mapigano hazisimami kwa sababu hazina fedha. Naomba kuipinga kwa kutumia aina moja tu ya filamu, ile ya mapigano ya siri yasiyo na kibali: watu wanakusanyika usiku ghalani, dau linawekwa, wawili wanaingia kati, mwamuzi hayupo. Nilianza kuzitazama utotoni katika banda la video la mtaani kwetu, nikaja kuwa mwendesha deki wa banda hilohilo, na leo nahariri picha za harusi na, nafasi ikipatikana, filamu fupi. Ninayoyasema nimeyaona kutoka kwenye benchi na kutoka kwenye meza ya uhariri.

Aina hii ya filamu ni mtoto wa uhaba. Mtayarishaji mwenye fedha hupiga picha za ndondi halali, zenye uwanja, maelfu ya watazamaji, taa za pande nne na watangazaji waliovaa suti. Asiyekuwa nazo huamua pambano liwe haramu, na palepale gharama zinaporomoka. Kwa kuwa ni siri, watazamaji ni wachache. Kwa kuwa ni usiku, taa moja inayoning'inia juu ya wapiganaji inatosha. Hakuna mkanda wa ubingwa wa kushonesha wala mwamuzi wa kulipa. Ukuta uliobanduka rangi, ambao katika filamu ya mapenzi ungekuwa aibu, hapa ndiyo mandhari yenyewe. Hata hadithi huja ikiwa imeshapangwa, kwa sababu mashindano ya mtoano yana mwanzo, kati na mwisho wake, na mtazamaji anajua tangu dakika ya kumi kwamba steringi atakutana na lile jitu lililovunja shingo ya rafiki yake.

Mfano ambao wengi wa umri wangu wanaufahamu ni Bloodsport ya mwaka 1988. Iliongozwa na Newt Arnold chini ya kampuni ya Cannon, iliyokuwa ya binamu wawili kutoka Israeli, Menahem Golan na Yoram Globus, watu waliojulikana kwa kutengeneza picha nyingi kwa fedha chache. Gharama yake haikufika dola milioni 3, nayo ikaingiza zaidi ya dola milioni 11 katika kumbi za Marekani peke yake. Jean-Claude Van Damme alikuwa kijana wa Ubelgiji ambaye hakuna aliyemjua. Picha zilipigwa Hong Kong, baadhi zikiwa ndani ya Kowloon Walled City, mtaa wa maghorofa yaliyobanana hadi jua lisifike chini, ambao ulikuja kubomolewa mwaka 1993 na 1994. Tazameni tena wanapopita katika vichochoro vile, huku maji yakidondoka na nyaya zikiwa zimesokotana juu ya vichwa vyao. Hakuna fundi wa mandhari ambaye angejenga kitu kile kwa bajeti ile; walikikuta, wakaingia na kamera.

Hata uongo wake ulikuwa wa bei nafuu. Mwishoni yanatokea maandishi yanayodai kwamba Frank Dux, ambaye hadithi inamhusu, alipigana mapambano 329 kati ya mwaka 1975 na 1980 bila kushindwa. Mwaka huohuo wa 1988 gazeti la Los Angeles Times lilifuatilia madai yake na kuyatilia shaka kubwa, likiwamo suala la kombe lake la ushindi. Sisi bandani hatukuwa na gazeti hilo. Tulikuwa na maandishi meupe kwenye skrini nyeusi, na kwetu maandishi hayo yalikuwa na uzito wa hati ya mahakama. Nakumbuka jamaa mmoja aliyekuwa akiyasoma kwa sauti kila mara, kwa ajili ya wasiojua Kiingereza, na kila mara alipofika kwenye ile 329 alitulia kidogo ili namba izame. Picha nyingine zilitufikia zikiwa na sauti ya mzee Lufufu, mfasiri wa filamu kwa Kiswahili, juu yake, na hizo hazikuhitaji msomaji, kwani mfasiri alikuwa anaweza kumpa adui tabia ambayo mwandishi wa filamu mwenyewe hakuifikiria.

Kinachoziharibu filamu za namna hii, basi, ni nini? Kwa maoni yangu ni mambo mawili: kukosa siku za mazoezi, na kukatakata picha ili kuficha kwamba mazoezi hayakuwapo. Ngumi ya filamu haigusi. Hupita mbele ya kidevu kwa nafasi ya kiganja kimoja au zaidi, na kamera husimama nyuma ya bega la mpigaji au nyuma ya kisogo cha mpigwaji ili nafasi ile isionekane. Ukitumia lenzi ndefu inayobana umbali, hata nafasi ya viganja viwili inapotea. Kazi kubwa ni ya anayepigwa. Yeye ndiye anayeiuza ngumi, kwa kichwa kugeuka kabla ya mwili na goti kulegea baada ya bega, na asipofanya hivyo hakuna mhariri atakayemwokoa. Jambo hili halidai fedha. Linadai watu wawili wakutane jioni kumi na tano mfululizo katika uwanja wa vumbi, na kamera ikae nyuma vya kutosha kuwaonyesha kuanzia unyayo hadi utosi.

Mwaka jana nililiona hili kwa macho yangu. Tulipiga filamu fupi katika ghala lililokuwa tupu upande wa Unga Limited. Tulikuwa na watazamaji ishirini na wawili, wengi wao madereva wa bodaboda, na kwa kuwa pembeni kulikuwa giza tuliwahamisha kutoka upande mmoja kwenda mwingine kila kamera ilipogeuka, tukawabadilishia makoti na kofia, wakawa mia. Mpiganaji mmoja alikuwa mwanafunzi wa kareti, mwenzake hakuwa amewahi kukunja ngumi mbele ya kamera. Mazoezi yalikuwa ya siku mbili. Tulipokuwa tunarudia kipande kilekile mara ya tatu, yule wa kareti alisahau umbali na ngumi ikatua mdomoni kweli. Mdomo ulipasuka na jino moja likalegea. Mwenzetu aliinua mkono kuonyesha kwamba yuko sawa, tukaendelea, na mimi, nakiri kwa aibu, nilifurahi moyoni kwamba sasa tunayo damu halisi.

Nilipokaa kuhariri, kipande kile ndicho kilichokuwa kibovu kuliko vyote. Aliyepigwa kweli hakurushwa popote. Alisimama, akapepesa macho mara mbili, akagusa mdomo kwa vidole viwili kama mtu anayetafuta mfupa wa samaki. Niliwaonyesha watu watano bila kuwaambia lolote, na wanne wakaniambia kwamba ngumi ile ni ya uongo mtupu. Zile ambazo hazikugusa waliziamini zote.

Naomba wadau wachangie, hasa wanaojua ngumi kuliko mimi.

Mchangiaji (Majengo, Moshi)

Kaka mleta mada, shikamoo kama umenizidi, na kama sivyo basi habari za Arusha. Nafundisha ngumi vijana hapa Moshi, na naomba nizungumze kuhusu mkono, kwa sababu filamu hizi humjali sana anayepigwa usoni na kumsahau anayepiga.

Fuvu la kichwa ni gumu kuliko mifupa ya kiganja. Mtu akipiga kwa mkono mtupu na ngumi ikatua kwenye paji la uso badala ya kidevu, kinachovunjika mara nyingi ni mfupa ulio nyuma ya kidole cha mwisho, na mkono unavimba kama andazi kabla hajafika nyumbani. Watu hudhani glovu imewekwa ili kukinga uso. Kwa kiasi kikubwa inakinga mkono, ndiyo maana anayeivaa anaweza kupiga kwa nguvu raundi baada ya raundi. Kwa hiyo steringi anayepigana mapambano matano ya mkono mtupu usiku mmoja, kisha akashika glasi ya maji kwa mkono uleule, huyo mimi nashindwa kumtazama.

Jambo la pili ni mwamuzi. Umesema vizuri kwamba kumwondoa kunapunguza gharama, lakini kunaondoa pia kitu kitamu. Septemba 2018 Hassan Mwakinyo wetu wa Tanga alipompiga Sam Eggington huko Birmingham, pambano liliishia raundi ya pili kwa mwamuzi kuingia kati. Wengi tuliolitazama hatuikumbuki ngumi ya mwisho peke yake. Tunakumbuka pia ile nusu sekunde ya kusubiri, je, mwamuzi ataingia au hataingia. Katika pambano haramu hakuna wa kusubiriwa, na filamu nyingi hujaza pengo hilo kwa kelele. Ningependa kuona moja inayolitumia pengo lenyewe: mtu ameshashindwa, kila mmoja ghalani anajua ameshashindwa, na hakuna mwenye kazi ya kusema basi.

Ukitaka picha isiyo na gharama, mwonyeshe mpiganaji baada ya pambano, ameketi kwenye kindoo kilichopinduliwa, mkono ukiwa ndani ya beseni la maji ya barafu, akijaribu kufungua vidole kimoja kimoja. Hilo nimeliona mara nyingi maishani na katika filamu hizi karibu silioni kabisa.

Mchangiaji (Sakina, Arusha)

Kaka zangu, nimesoma yote na nina swali ambalo hamjaligusa. Nani anashika fedha?

Katika filamu hizi noti hupungwa hewani, watu wanapiga kelele, halafu steringi anashinda na tunaambiwa deni limelipwa. Mimi nimeshika vikoba kwa miaka kadhaa, na nawaambieni kwamba mahali penye fedha za watu hamsini na pasipo na daftari, ugomvi mkubwa uko kwa mshika fedha kuliko kwa wanaopigana. Nani anamwamini? Anaandika wapi? Akikimbia, anafuatwa na nani, maana polisi hawezi kuitwa? Hapo pana hadithi ambayo haihitaji hata teke moja.

Kuhusu wanawake, tumechoka kutekwa na kufunga vidonda. Lakini nitawatendea haki, kwani katika Lionheart ya mwaka 1990, ambamo Van Damme ni askari aliyetoroka jeshi la kigeni la Ufaransa ili kuisaidia familia ya kaka yake, mwenye biashara ya mapigano ni mwanamke, na ndiye anayepanga nani akutane na nani na kwa dau gani. Nilipoiona kwa mara ya kwanza, nikiwa nimejificha dirishani kwa sababu wasichana tulikatazwa kuingia bandani, yeye ndiye niliyemtazama kuliko wote. Alikuwa mtu pekee mle ndani aliyekuwa anafanya hesabu.

Mchangiaji (Kijenge, Arusha)

Mleta mada amejenga hoja vizuri, ila kuna tarehe moja ameiruka, nayo ndiyo iliyoivunja aina hii ya filamu. Tarehe 12 Novemba 1993, mjini Denver, yalifanyika mashindano ya kwanza ya UFC: watu wanane wa mitindo tofauti, usiku mmoja, mtoano, karibu bila kanuni. Ni kana kwamba mtu alichukua mkanda wa video akautoa nje ya televisheni. Kisha akashinda Royce Gracie wa Brazili, kijana mwembamba aliyevaa vazi la jujitsu, ambaye hakuruka wala hakuzunguka hewani. Aliwashika watu watatu kwa zamu, akawaangusha, akawabana mpaka wakakubali. Baada ya hapo ukimwonyesha mtu teke la kuzunguka la nyuzi mia tatu na sitini anakuuliza kwa nini mwenzake hakumshika mguu. Seneta John McCain aliyaita mapigano ya namna hiyo jogoo wa kibinadamu wanaopiganishwa, na majimbo mengi yakayakataa kwa muda, lakini macho ya watazamaji yalikuwa yameshabadilika. Filamu yenu ya ghalani itamshawishi nani leo, wakati kila kijana ana mapambano halisi kwenye simu yake?

Mleta mada

Nashukuru kwa michango yote, na nianze na ndugu yangu wa Kijenge kwa sababu ndiye aliyenibana.

Ni kweli kwamba mwaka 1993 ulitoa siri nje, na ni kweli kwamba picha nyingi zilizofuata zilionekana kama mchezo wa watoto. Lakini miaka kumi baadaye, mwaka 2003, ikatoka Ong-Bak ya Thailand, yenye ukumbi wa mapigano ya siri jijini Bangkok, na dunia nzima ikaitazama. Tony Jaa alikuwa amefundishwa kwa miaka na mwalimu wake Panna Rittikrai, na filamu ile ilijinadi kwa kutotumia nyaya za kumning'iniza mtu wala michoro ya kompyuta. Akiruka, unamwona tangu mguu unapoondoka ardhini mpaka goti linapotua, halafu wanakurudishia tendo lilelile kutoka upande mwingine, kana kwamba wanakuambia ukague wewe mwenyewe. Mwaka 2011 Waindonesia nao wakatoa The Raid kwa takribani dola milioni 1.1, karibu yote ikiwa ndani ya jengo moja. Mtazamaji wa leo anajua kwamba pambano halisi huishia chini, lakini bado anauheshimu mwili ambao umefanya kazi mbele yake bila kufichwa. Anachokidharau ni mkono unaokatwa na mhariri kabla haujafika.

Na kwa wanaosema kwamba dola milioni moja bado ni utajiri, jirani zetu wa Wakaliga, Kampala, wakiongozwa na Isaac Nabwana, walitengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 kwa bajeti ambayo mara nyingi hutajwa kuwa haifiki dola 200. Haihusu mapigano ya siri, ni vita vya makomando na majambazi, na milipuko yake inachekesha. Hata hivyo vijana wake wa kungfu walifanya mazoezi, na inaonekana. Vilevile wanaye mfasiri anayeongea juu ya picha kama walivyofanya wa kwetu, jambo ambalo sisi tumeliacha likafa kana kwamba lilikuwa la aibu.

Dada wa Sakina, swali lako limenikosesha usingizi. Katika filamu yetu fedha zilishikwa na mtu aliyevaa kofia ambaye hana jina wala mstari hata mmoja. Nimerudia kumtazama na nimegundua kwamba katika vipande vitatu anashika bahasha kwa mkono wa kulia na katika kimoja kwa mkono wa kushoto, yaani hata sisi wenyewe hatukuwa tunamwangalia.

Kuna aliyeniandikia pembeni akiuliza kuhusu kibali. Jibu ni fupi: kupiga filamu kunahitaji kibali cha Bodi ya Filamu, chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Namba 4 ya mwaka 1976, na ni busara kuwajulisha serikali ya mtaa na polisi hata kama mko ndani ya jengo la mtu binafsi. Kwetu sisi, majirani walisikia watu ishirini na wawili wakipiga kelele saa tano usiku, wakaita walinzi wa mtaa, nao wakaja na rungu na tochi wakiamini wamekuta jambo lenyewe. Tukawaonyesha karatasi. Wawili waliondoka, mmoja akaomba akae kidogo, na ukiitazama filamu kwa makini yumo, safu ya nyuma, tochi mkononi. Kwa maana hiyo pambano letu haramu ndilo lililokuwa na nyaraka nyingi kuliko harusi yoyote niliyowahi kuhariri.

Kuhusu sauti, ambayo hakuna aliyeiuliza lakini siwezi kuipita: ngumi halisi usoni inalia kidogo sana, kama kitabu kinachoangushwa kwenye godoro. Ile sauti tunayoijua ni ya kutengeneza. Sisi tulinunua kilo mbili za nyama ya paja, tukaizungushia taulo lililoloweshwa, tukaipiga kwa mpini wa mwiko huku kinasa sauti kikiwa karibu. Mfupa unaovunjika ulikuwa bua la mahindi. Nyama tuliila jioni ileile, na sikumbuki kuwahi kula iliyolainika vile.

Mchangiaji (Majengo, Moshi)

Kaka, kama unakusudia kurudia kipande kile, usimrudishe kijana wako ulingoni kwa siku mbili za mazoezi. Niletee wote wawili hapa Moshi kwa wiki tatu. Wiki ya kwanza hawatarusha ngumi hata moja. Watajifunza kusimama, kurudi nyuma na kupokea. Anayejua kupokea ndiye anayemfanya mwenzake aonekane bingwa.

Mleta mada

Nimekubali, mwalimu. Nimezungumza nao jana jioni. Yule wa kareti yuko tayari kuanza wiki ijayo. Mwenzake ametaka kwanza kujua kama safari hii mwenye ngumi atasimama umbali gani, na nikamjibu kwamba mwalimu atachora mstari kwa chaki na hakuna wa kuuvuka. Kipande cha jino nimeshakitoa. Mahali pake nimeacha sekunde nne tupu kwa ajili ya mkono ndani ya beseni, na yule mwenye bahasha nimemtafutia daftari.